Nesi ananiambia nijiunge na kikundi cha wenzangu pale CTC (kliniki ya dawa za VVU), kuna maana kweli au nitajianika bure?

Tunduma_Usiku (mleta mada)

Wakuu habari za humu. Niende moja kwa moja. Mimi mwanaume nipo kwenye thelathini na kitu, kazi yangu dereva wa lori, njia yangu ni Dar hadi Tunduma na mzigo ukiwepo tunavuka mpaka Lubumbashi. Mwaka jana nilikohoa sana nikawa nabugia tu antibayotiki za duka la dawa mpaka nikaishiwa nguvu, kupelekwa hospitali nikaambiwa TB, na si mnajua ukikutwa na TB lazima wakupime na hiki kingine, majibu yakatoka nina VVU. TB nilimaliza dozi nimepona. Hii nyingine nipo kwenye TLD, kidonge kimoja kwa siku, kipimo cha kwanza cha wingi wa virusi kimetoka vizuri daktari kasema vimefubaa. Mke wangu anajua, alipimwa yupo salama na hajanikimbia, hilo namshukuru Mungu sana.

Kwaiyo mwili hauna shida, kilo zimerudi na kazi napiga kama zamani. Shida ipo kichwani. Usiku naendesha, utingo kalala, mawazo yanakuja yenyewe tu, nani kaniambukiza, wanangu wakija kujua itakuwaje, nikipata ajali njiani watu wakafungua begi langu wakakuta ile chupa je. Mke nae siwezi kumrudishia maneno yale yale kila siku maana nae ana yake moyoni. Zaidi ya yeye hakuna mtu ninayeweza kumwambia hiki kitu, humu naandika kwa sababu hamnijui.

Sasa kila nikienda kuchukua dawa kuna nesi mmoja mama mtu mzima ananiambia baba jiunge na kikundi, wanakutana Jumamosi moja kila mwezi, watakusaidia. Siku moja nimechungulia nikaona akina mama watupu na wazee wawili watatu. Naomba kujua huko wanafanya nini hasa, ni kulia na kuombeana tu au kuna kitu? Na je siku nikikutana humo ndani na mtu wa mtaani kwangu nafanyaje? Na watanipa nini ambacho daktari hajanipa? Wenye uzoefu tafadhali, wenye kejeli naombeni mnipite. Natanguliza shukrani.

MamaJuni_Njombe

Mdogo wangu pole na hongera. Pole kwa uliyopitia, hongera kwa kufubaza maana hiyo ndio kazi yenyewe na umeifanya.

Mimi ni mwenzio, niko kwenye dawa toka enzi za triomune, ile ya asubuhi na jioni iliyokuwa inatukausha mashavu na kuchoma nyayo kama umekanyaga makaa. Wakati ule mtu alikuwa anatambulika kwa sura tu barabarani. Nyie wa TLD mnameza kimoja mnaendelea na safari hakuna anayejua, nafurahi sana nikiwaona.

Nikujibu la mtu wa mtaani kwanza maana naona ndilo linalokutisha. Utakutana nae, sikufichi. Kwetu Njombe ule utafiti wa kitaifa wa 2022-2023 ulikuta karibu watu wazima 13 katika kila 100 wana virusi, wakati kwa nchi nzima ni wanne na ushee, kwaiyo huku ukiingia kikundini lazima umkute jirani au mtu wa kwaya yako au mwalimu wa mwanao. Lakini nae kafuata nini pale? Ukimwona wewe amekuona nae. Mimi niliyemkuta siku ya kwanza alikuwa mama mwenye duka ninalokopa unga, tuliangaliana, akasogea kwenye benchi akanipisha nikae, mpaka leo hatujawahi kuzungumza habari hizo dukani kwake hata mara moja.

Haya, tunafanya nini. Tunaanza na sala ndiyo, wakristo na waislamu, dakika chache. Baada ya hapo kila mtu anasema dawa zinaendaje, kama umeruka unasema umeruka na kwa nini, hakuna wa kukufokea maana wote tumeshapitia. Afu kuna hisa, tunaweka na kukopa, na kwa kweli wengine hiyo hisa ndiyo iliyowaleta mwanzoni na sio mbaya, mtu akija kwa ajili ya mkopo wa mbolea ya viazi anaondoka na maneno ya dawa pia.

Na lile la watanipa nini ambacho daktari hajanipa. Tulikuwa na baba mmoja kikundini, mtulivu, anameza dawa saa mbili usiku haachi, lakini virusi vikapanda. Kliniki akaambiwa huyu hamezi vizuri, akawekwa kwenye vikao vya ushauri, anahojiwa kama mtoto, mtu kanyong'onyea kabisa. Siku ya kikundi bibi mmoja ambaye hata kusoma hajui akamuuliza, mwanangu ukishameza hiyo unameza na nini kingine? Akasema nina vidonda vya tumbo, natafuna vidonge vya magnesiamu kila usiku baada ya kula. Kumbe vinagongana. Dawa za kutuliza asidi zenye magnesiamu au aluminiamu zinaizuia ile dolutegravia iliyomo kwenye TLD isiingie vizuri mwilini, inabidi TLD uimeze masaa mawili kabla ya hizo za tumbo au usubiri masaa sita baada ya kumeza hizo. Bibi alijua kwa sababu yalishamkuta. Yule baba akarudi kwa daktari akaeleza, akapangiwa muda upya, kipimo kilichofuata kikarudi chini. Daktari ana watu themanini asubuhi moja, hana nafasi ya kukuuliza unatafuna nini usiku. Bibi alikuwa nayo.

Na jingine ni kufuatana. 2011 watu walipokimbilia Samunge kule Loliondo kwa Babu kunywa kikombe cha dawa yake cha shilingi mia tano, wapo wa kwetu waliorudi wakaacha dawa kabisa wakiamini wamepona. Wengine tuliwazika. Waliorudi kwenye dawa ni wale tuliowafuata nyumbani, sio kwa kugombana nao, tunaenda tunakaa tunakula nao, kesho tena, mpaka mtu mwenyewe anasema haya twendeni. Hiyo kazi haifanywi na mtu wa mshahara ambaye saa nane mchana anafunga ofisi. Hata 2025 Marekani ilivyosimamisha misaada na wenzetu waliokuwa watoa huduma rika pale kliniki wakakatiwa posho, wawili kwetu waliendelea kuja kwa miguu yao, nawaheshimu mno.

Kimya_Kingi

Mi ntasema tofauti kidogo na mama hapo juu japo namheshimu. Mkuu kuwa makini. Kikundi nilichokuwa mimi, mji siutaji, kuna mwenzetu alipeleka maneno nje baada ya kugombana na dada mmoja kwenye hela za hisa. Haikupita wiki mwenye nyumba wa yule dada akaanza visa mara maji yanakatwa kwake tu, mara choo kinafungwa, mpaka akahama. Sheria ya UKIMWI ya 2008 inakataza kutangaza hali ya mtu na inakataza unyanyapaa, hilo tunalijua, lakini we fikiria unaenda kituoni kufungua kesi unaeleza nini mbele ya kaunta watu wamejaa. Yule dada aliamua kunyamaza. Inaniuma mpaka leo.

Sikukatazi kwenda. Ila chagua kikundi cha mbali na unapolala, na kwenye mambo ya hela za hisa usiingie kwanza mpaka uwajue watu. Magomvi mengi niliyoyaona yalianzia kwenye hela, hayakuanzia kwenye ugonjwa.

MamaJuni_Njombe

Kimya uliyosema ni kweli kabisa na yule dada mpe pole zangu kama mnawasiliana bado. Kwetu daftari la hisa lina mwekaji wake na mambo ya kliniki yana msimamizi mwingine, na mtu akitoa neno nje anatolewa kikundini hapo hapo hata kama ni mwenyekiti. Kikundi kisichokuwa na hilo sharti mtu asijiunge.

FundiMbalizi

Tunduma_Usiku kaka nimesoma nikasema huyu ni mimi kabisa. Mi fundi kuchomelea, Mbalizi hapa Mbeya, lori zenu nazijua kwa majina maana bodi zenu zinaishia kwangu.

Hilo la kukuta akina mama watupu ni kweli na lina sababu. Mwanamke anapimwa akiwa mjamzito, anajua mapema, anaanza mapema, anazoea kliniki. Sisi wanaume tunasubiri mpaka tubebwe kama wewe na TB yako, mimi nilibebwa na homa ya uti wa mgongo. Ukiingia kikundini unakuta wao ni wenyeji miaka kumi, we mgeni, unajiona kama umeingia kwenye kitchen party ya watu. Nilikaa kimya vikao vya mwanzo vyote naangalia viatu vyangu. Kilichonibadilisha ni mzee mmoja mstaafu wa reli ya TAZARA, tukitoka akawa ananisindikiza mpaka stendi tunaongea mpira, Mbeya City na Prisons, ugonjwa hatuugusi kabisa. Siku moja katikati ya stori za mpira akaniuliza, nyumbani mnaendaje na mama? Nilimwaga yote pale pale stendi. Sijawahi kuongea vile na mwanaume mwenzangu maishani.

Sasa wanaume tuna chetu, tunakutana kwenye gereji ya mmoja wetu Jumapili jioni na tuna grupu la WhatsApp ambalo jina lake ni la timu ya mpira ili hata simu ikishikwa na mtu asishtuke. Kwenye grupu hatuandiki neno dawa, kwa anayeangalia ni timu tu.

Na kuhusu mkeo ambaye yupo salama, hili ndilo lilinipa usingizi mimi na nilielezwa na wenzangu kabla sijalielewa kliniki. Kuna utafiti wa 2011 ulifanyika nchi kadhaa zikiwemo Kenya na Malawi, kwa wenza ambao mmoja anao na mwingine hana, ukaonyesha kuanza dawa mapema kunapunguza maambukizi kwa mwenza kwa asilimia 96. Baadae ukaja ule wa Ulaya, matokeo yalitoka 2016 na 2019, walifuatilia wenza wasiotumia kondomu ambao mwenye virusi amevifubaza kabisa, hawakukuta hata mwenza mmoja aliyeambukizwa na mwenzake. Hata mmoja kaka. Maana yake virusi visipoonekana kwenye kipimo humwambukizi mkeo kwa tendo la ndoa. Masharti ni umeze kila siku na upime kila unapoitwa. Tuna watoto wawili waliozaliwa baada ya mimi kujijua na mke wangu bado ni salama.

Lile swali la nani kaniambukiza, kikundi kizima tumekubaliana hatulijibu. Kila mtu alikuja nalo, hakuna aliyepata jibu lililomsaidia kitu.

BintiWaZiwa

Shikamoo wakubwa. Mimi ni binti wa Mwanza niko chuo, nimezaliwa nayo. Samahani kama naingilia mada ya wakubwa ila nataka baba hapo juu aone na upande wetu.

Mimi nilikuwa nameza dawa toka nikiwa mdogo naambiwa ni za kifua. Darasa la tano tukafundishwa UKIMWI, mwalimu akataja dalili na kumeza dawa kila siku, darasa zima wakacheka na mi nikacheka nao, nikarudi nyumbani nikasoma chupa. Nilikaa na hilo peke yangu muda mrefu bibi akiwa hajui kuwa najua. Nilianza kutema vidonge dirishani. CD4, zile chembe za kinga, zikashuka nikaugua kweli.

Kliniki wakanipeleka klabu ya vijana, ya Jumamosi, watoto wa umri wangu na wakubwa kidogo. Nilidhani nitakuta wagonjwa. Nikakuta watu wanacheza nage. Kuna dada alikuwa anasoma udaktari mwaka wa pili, kaja na sare yake nyeupe, akatoa kopo lake kwenye pochi akameza mbele yetu na maji ya chupa huku anaendelea kuongea, hata hakusimama. Nilikuwa sijawahi kuona mtu mwingine akimeza. Nilikuwa najua wapo ila sijawahi kuona kwa macho. Daktari alishaniambia mara nyingi utaishi, utasoma, utazaa, sikumuamini, nilijua ni maneno ya kunituliza. Yule dada hakuniambia chochote.

Ndio yeye baadae alinifundisha mambo ya bweni, kopo unaweka pamba ndani lisilie, karatasi ya nje unabandua, muda wa kumeza unachagua ule ambao kila mtu anaenda kunywa maji. Sasa hivi mimi ndio natoa hayo maelezo kwa wadogo. Baba naomba uende, na watoto wako siku wakikua waambie mwenyewe kabla hawajasoma chupa.

Malaba_Express

Salaam ndugu zangu wa Bongo, mimi niko Mombasa, dereva pia, Mombasa Malaba Kampala miaka mingi. Kwetu kliniki ni CCC lakini mambo ni yale yale. Mimi nilianzishiwa dawa kwenye zile kliniki za kontena kando ya barabara pale Mlolongo zilizowekwa kwa ajili ya madereva, unapaki lori unaingia na ndala zako.

Ndugu yangu aliyeuliza kama ni kulia tu. Kampala nilifahamiana na mzee mmoja aliyekuwa TASO, lile shirika la Uganda la kusaidia wenye virusi, miaka ya mwanzo kabisa. TASO ilianzishwa 1987 na mama Noerine Kaleeba baada ya mumewe kufariki, yeye na wenzake wachache ambao wengi wao walikuwa nao au wamefiwa. Mwaka huo huku kwetu hakukuwa na dawa ya kumpa mtu, hospitali zenyewe zilikuwa zinaogopa kumgusa mgonjwa. Walichokuwa nacho ni wao kwa wao tu, mtu akae na mtu, amshike mkono, amsindikize. Kwa hiyo kikundi kilitangulia, dawa zilikuja nyuma. Wengi wa wale wa mwanzo walikufa lakini hawakufa kwenye chumba cha giza nyuma ya nyumba peke yao. Kulia walilia, sasa ungetaka wafanye nini? Hata wewe ukienda ukalia hakuna ubaya, dereva analia kwenye kabini kila siku ila redio iko juu.

Nyongeza ya kazi yetu, hiyo dawa usiiweke kwenye dashibodi wala chini ya kioo. Kabini ikipigwa jua Mlandizi mpaka Chalinze humo ndani ni tanuri, na hii dawa haitakiwi kuzidi nyuzi 30. Mimi yangu iko kwenye begi la nguo chini ya kitanda upande wa kivuli, na kile kipakiti kidogo cha kunyonya unyevu ndani ya chupa usikitupe.

Tunduma_Usiku (mleta mada)

Wakuu nimepaki hapa mizani nasoma zote, nimeshindwa hata kujibu mmoja mmoja. Mama Njombe, Fundi, kaka wa Mombasa, asanteni sana. Kimya nimekusikia, hela ntakaa nazo mbali. Binti wa Mwanza Mungu akulinde mwanangu, wa kwangu mkubwa yupo darasa la nne, hayo maneno yako ya mwisho nimemsomea mke wangu kwenye simu.

Kuenda nitaenda. Ila ratiba yangu na Jumamosi za kikundi hazikutani, nikiwa Kongo naweza kukwama foleni ya Kasumbalesa hata wiki mbili, mwezi uliopita nilibaki na vidonge vitatu tu nikiwa bado upande wa pili nikawa sili silali. Hili mnafanyaje?

FundiMbalizi

Hapo ongea na kliniki yako waziwazi kwamba kazi yako ni ya safari ndefu. Ukishafubaza na uko imara huwa wanatoa dawa za miezi mitatu mpaka sita kwa mkupuo, we omba, usisubiri wakupangie. Kile kikadi cha CTC1 tembea nacho kama leseni, maana ukiishiwa ukiwa popote ndani ya Tanzania unaingia CTC yoyote iliyo karibu unaonyesha kadi unasema nipo safarini, wanakupa za kukusogeza mpaka ufike kwako. Hapa Mbeya nimewasindikiza madereva kufanya hivyo, hawakurudishwa. Ukivuka mpaka ndio usibahatishe, beba zaidi ya siku za safari na nyingine chache uziweke pembeni, begi likiibiwa usikose zote.

MamaJuni_Njombe

Na usiseme ratiba haikutani, madereva mnalala Makambako nyie wote nawajua. Makambako kuna wenzetu wanakutana Jumapili mchana baada ya ibada na wanaume wapo, mmoja wao alikuwa dereva wa mabasi. Ukikaribia niandikie PM siku moja kabla, nitampigia atakupokea yeye mwenyewe pale unapopaki, hutaingia peke yako. Na uniambie Dar unakaa upande gani, Mbagala au Tegeta, nikuulizie huko nako cha karibu na mama aweze kuhudhuria hata ukiwa njiani, maana na yeye anahitaji watu wa kuongea nao.